Ubepari unamlipa mwenye bidii au mwenye chombo? Tuanzie mwaloni, Ziwa Victoria

Karani wa Mwalo (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mada ya matajiri na maskini ikianza tu humu ndani, haichukui muda utasikia: aliyefanikiwa alijituma, aliyeshindwa alizembea, soko halina upendeleo. Wa upande wa pili anajibu kwamba matajiri wote ni wezi, na mjadala unaishia hapo. Naomba leo tuichukue ile hoja ya kwanza kwa uzito wake, maana wanaoiamini ni wengi na baadhi yao nawaheshimu sana. Tuipime mahali ambapo kazi inaonekana kwa macho na malipo yanaandikwa kwenye daftari kila asubuhi.

Mimi ni karani wa mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, upande wa kisiwa cha Ukerewe. Napima mzigo, naandika kilo, mafuta, barafu na mgao. Kwa hiyo hesabu za nani kapata nini zinapita mikononi mwangu kila siku, na ndizo zimenifanya nianzishe uzi huu.

Mtumbwi wa sangara wenye mashine unabeba watu watatu au wanne. Wanatoka alasiri, wanatega, wanalala majini, alfajiri wanategua, asubuhi wanarudi barafu ikiwa imeshaanza kuyeyuka. Mzigo ukishauzwa, kwanza yanatolewa mafuta, barafu na chakula cha safari. Kinachobaki kinagawanywa. Mialo mingi nusu ni ya tajiri, ndivyo tunavyomwita mwenye chombo, na nusu ni ya wavuvi wote kwa pamoja. Kuna kambi nyingine wanatoa mafungu matatu: la mtumbwi, la mashine na nyavu, la watu. Hapo tajiri anaondoka na mawili.

Chukueni hesabu ya mfano tu. Mzigo umeuzwa 600,000. Gharama 180,000. Imebaki 420,000. Kwa utaratibu wa nusu kwa nusu tajiri anapata 210,000 na wavuvi watatu kila mmoja 70,000. Kwa mafungu matatu tajiri anapata 280,000 na kila mvuvi kama 46,000. Na hiyo ni siku nzuri. Siku mzigo haujafika gharama, kuna matajiri wanaoliandika deni la mafuta lije likatwe safari ijayo.

Sisemi tajiri hastahili kitu. Mashine, mtumbwi na nyavu ni mamilioni, na nyavu zinaibiwa usiku kila kukicha. Mtaji lazima urudi. Swali langu ni hili: kwenye huo mgao, bidii na ujuzi viko wapi?

Nahodha mzuri anasoma upepo na rangi ya maji. Anajua mwezi ukiwa mkubwa atege wapi na mvua za masika zikianza ahamie wapi. Anajua lini arudi mapema hata kama kuna nyavu hajategua. Chombo kilekile, nyavu zilezile, ukimbadilisha nahodha mzigo unaweza kushuka nusu. Hilo naliona kwenye daftari, sihadithiwi. Kama soko lingekuwa linalipa uwezo, huyu mtu angekuwa anapanda mwaka hadi mwaka. Lakini ongezeko lote analoleta, nusu yake au theluthi mbili zinakwenda kwa mwenye chombo kabla yeye hajagusa chochote.

Watu wananijibu: basi na yeye ajikusanye anunue chake. Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, maana ndiyo sababu ya uzi huu.

Zamani iliwezekana. Wazee wetu wengi wenye mitumbwi walianza na ndoano. Sangara aliletwa ziwani na maofisa wa kikoloni kuanzia miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali. Alimla furu, wale samaki wadogo wa asili, mpaka mamia ya aina za furu ambazo hazipo popote pengine duniani zikapotea au zikabaki za kutafutwa. Waliokuwa wakivua furu na vyombo vidogo karibu na nchi kavu waliumia. Lakini kwa aliyekuwa na nguvu na wavu wa macho makubwa, ule ulikuwa wakati wa kuokota. Viwanda vikajengwa Mwanza, Musoma na Bukoba, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Mvuvi wa miaka ile alijituma kweli, na ziwa lilimlipa. Akanunua mtumbwi, wakawa wawili, wakawa watano.

Sasa angalieni kilichofuata. Mwaka 2000 nchi tatu za ziwa (Tanzania, Kenya na Uganda) zilipohesabu wavuvi wa ziwa zima walikuwa takriban 130,000. Miaka kumi na tano baadaye walikuwa wamepita 200,000. Wakati huohuo vipimo vya watafiti vilionyesha wingi wa sangara, uliokuwa zaidi ya tani milioni 1 mwishoni mwa miaka ya 1990, umeshuka chini ya nusu ilipofika 2008. Samaki wenyewe wamepungua ukubwa. Nyavu zinatupwa mbali zaidi, mafuta yanaliwa mengi zaidi, mzigo ni mdogo. Mabondo nayo (vile vifuko vya hewa vya ndani ya samaki) bei yake inakwenda kwa ukubwa, na bondo kubwa linatoka kwa samaki mkubwa ambaye hayupo.

Maana yake ni kwamba kijana wa leo, mwenye bidii ileile ya yule mzee na pengine ujuzi zaidi, hawezi kukusanya mtaji ule. Sababu si uvivu wake. Ngazi aliyopandia mzee ilikuwa samaki, na samaki wameisha. Naomba niliseme kwa nguvu zote: mazingira yakiharibika, utajiri uliopatikana kwa jasho unageuka kuwa utajiri wa ukoo. Waliotangulia wanabaki juu, watoto wao wanarithi vyombo, na anayekuja nyuma anabaki mvuvi wa mgao mpaka mgongo unakataa.

Kuna mzee mmoja hapa kwetu, Mungu amrehemu, aliyejenga kila kitu kwa mikono yake. Alipofariki mitumbwi ilikwenda kwa mwanawe anayeishi mjini, ambaye hajawahi kutegua wavu. Nahodha aliyezunguka na yule mzee tangu vyombo viko viwili bado ni nahodha. Mgao wake ni uleule, isipokuwa samaki ni wadogo. Kijana ni mtu mwema, simlaumu. Ila mtu asiniambie kwamba pale kuna anayelipwa kwa sifa zake.

Na haya si ya visiwani tu. Benki ya UBS ya Uswisi hutoa taarifa ya mabilionea kila mwaka. Ile ya 2023 ilionyesha kwamba kwa mara ya kwanza tangu waanze kuitoa, mabilionea wapya waliorithi walipokea mali nyingi kuliko waliyoitafuta mabilionea wapya wa biashara: warithi 53 walipata dola bilioni 150.8, wafanyabiashara 84 walipata bilioni 140.7. Uingereza kuna Hugh Grosvenor, mwenye cheo cha ukoo cha Duke wa Westminster, aliyerithi utajiri wa mabilioni ya pauni mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 25. Chanzo cha utajiri huo ni ndoa ya mwaka 1677, babu yake wa mbali alipomuoa binti wa miaka 12 aliyekuwa na mashamba ambayo leo ndiyo Mayfair na Belgravia, katikati ya London. Mashamba yaleyale, ukoo uleule, karne ya nne sasa.

Karibuni. Mwenye hoja aje na hoja.

---

Mhasibu wa Nyamagana

Mkuu karani, uzi mzuri, lakini umeegemea upande mmoja.

Mimi nafanya hesabu za wafanyabiashara wadogo Mwanza, baadhi yao wana vyombo ziwani. Hujaongelea hasara. Tajiri anaweka mamilioni majini kila jioni. Wavu ukiibiwa ni wake. Mashine ikianguka ni yake. Wavuvi wakiuza samaki katikati ya ziwa kwa boti nyingine kisha wakaja na hadithi ya upepo, hasara ni yake, na wewe karani unajua jambo hilo lipo. Mvuvi akichoka anaondoka kesho na kuhamia kambi nyingine, tajiri hawezi kuondoka. Ndiyo maana nusu inakwenda kwake. Ile nusu ndani yake kuna bei ya hatari.

Pili, huyo unayemwita tajiri mara nyingi naye si tajiri. Wengi mashine na nyavu wamepewa kwa mkopo na wakala wa kiwanda, kwa sharti kwamba samaki wote wauzwe kwake kwa bei atakayopanga yeye. Kwa hiyo ukitaka kumtafuta mwenye kula bila jasho, panda juu kidogo. Usiishie kwa mtu wa mitumbwi mitatu.

---

Mama Chanja

Nashukuru mtoa mada. Mimi ni mkaushaji wa dagaa, napeleka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wanunuzi wangu wanapeleka Kongo na Burundi.

Kila mtu hapa anaongelea mtumbwi kana kwamba kazi inaishia samaki anapofika nchi kavu. Dagaa wakishuka asubuhi kazi ndiyo inaanza. Kuwanunua kwa ndoo, kuwabeba kichwani, kuwaanika, kuwageuza, kufukuza ndege, kuangalia mawingu. Mvua ikinyesha saa nane mchana nusu ya mtaji inaoza mbele ya macho yako na inakuwa chakula cha kuku, bei ya kutupa. Aliyeanika kwenye chanja, ile meza ya kuanikia, anapona kidogo, wa mchangani anapoteza zaidi, na dagaa wake wana mchanga kwa hiyo hata jua likiwaka anauza chini. Chanja inahitaji mbao, nyavu, misumari na eneo. Kwa hiyo akina mama wawili wameamka saa ileile, wamefanya kazi ileile, mmoja ana chanja na mwenzake hana, jioni hawalingani. Na aliye na chanja mara nyingi ni kwa sababu mumewe ana mtumbwi au aliachiwa eneo na wazazi.

Sisi hatuna hata daftari la mgao. Hakuna karani wa akina mama.

---

Karani wa Mwalo

Mama Chanja, shikamoo, na asante sana. Umenifungua macho kwenye jambo ambalo napita karibu nalo kila siku. Hilo la chanja na mchanga limeeleza hoja yangu kuliko nilivyoieleza mimi.

Mhasibu, hoja yako ya hatari ni nzito na naijibu hivi. Ziwani kuna hatari za aina mbili. Tajiri yuko hatarini kupoteza mali. Mvuvi yuko hatarini kupoteza uhai. Kila mwaka tunazika watu waliokumbwa na dhoruba, na wengine hawaonekani kabisa. Ikitokea hivyo mjane anapata mchango wa msiba, jirani wanatoa walichonacho, tajiri mwenye moyo anatoa zaidi, na basi. Kwenye mgao hakuna hata shilingi moja iliyowekwa kwa ajili ya hatari ya mvuvi. Hatari ya wavu inalipwa kila safari, hatari ya mtu hailipwi. Sasa kama kweli nusu ya tajiri ni bei ya hatari, niambie kwa nini soko limeona thamani ya wavu peke yake.

La wakala wa kiwanda nakubaliana nawe moja kwa moja. Nimewahi kuandika mzigo ambao mwenye mtumbwi alijua kabisa kwamba mwalo wa pili wanaongeza bei, na hakuweza kwenda kwa sababu ya deni la mashine. Lakini hiyo inaongezea hoja yangu nguvu. Kila ukipanda ngazi unakuta anayechukua kikubwa ni mwenye kumiliki kile ambacho wa chini hawezi kufanya kazi bila hicho.

---

Nyar Kisumu

Jameni, hamjambo huko. Nawasoma kutoka upande wa Kenya, na wacha niwaambie kitu kuhusu huku kwetu kinachojibu swali lenu moja kwa moja.

Nyinyi mnajua jaboya? Huku ni desturi ambayo mwanamke anayetaka kununua samaki wa kuuza lazima pia awe na uhusiano na mvuvi, la sivyo samaki wanaenda kwa mwingine. Samaki walipokuwa wengi, pesa zilitosha. Walipopungua, wanawake wakawa wengi kuliko samaki, na hapo ndipo mambo yakaharibika. Mjue kaunti zetu za ziwani ndizo ziko juu Kenya nzima kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Kupungua kwa samaki si habari ya samaki tu.

Sasa kuna akina mama wa Nduru Beach, karibu na Kisumu. Miaka zaidi ya kumi iliyopita walisaidiwa na wafadhili kupata boti zao wenyewe. Hawakufundishwa bidii, walikuwa nayo. Hawakufundishwa biashara, walikuwa wakiifanya tangu wasichana. Kitu kimoja tu kilibadilika: mwenye boti akawa mama, na mvuvi akawa mtu aliyeajiriwa naye. Wale waliopata boti wakaacha jaboya. Samaki wakija ni wake, anachagua nani amuuzie. Watu walewale, ziwa lilelile. Nikisikia mtu akisema soko linalipa sifa nawafikiria hao akina mama, kwa sababu sifa zao hazikuongezeka hata kidogo siku boti ilipofika.

Lakini sikilizeni na mwisho wake. Mwaka 2020 mvua zilinyesha mpaka maji ya ziwa yakavuka rekodi ya 1964. Nduru ikafunikwa na maji. Nyumba zikaenda, watu wakahamia kambi, na boti nyingine zilikuwa zimeshachakaa kwa kukosa pesa za ukarabati. Yule aliyekuwa amepanda hatua moja akarudishwa chini na maji. Mwenye shamba lingine juu mlimani au nyumba ya kupangisha mjini alihama akaendelea. Ambaye mali yake yote ilikuwa boti na nyumba ya udongo kando ya ziwa hakuwa na pa kuhamia.

Halafu kodi. Kenya ilikuwa na kodi ya mirathi tuliyoachiwa na mkoloni. Ikaondolewa mwaka 1982. Mashamba makubwa yanatoka kwa baba kwenda kwa mtoto bila kodi hiyo. Mama wa samaki analipa ushuru wa soko kila asubuhi kabla hajauza hata mmoja.

---

Mzee wa Azimio

Vijana wangu, nimewasoma kwa makini. Niongeze neno kama mtu aliyeishi enzi nyingine.

Nilikuwa kijana Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, na niliamini. Mpaka leo naamini nia yake. Lakini tusije tukafika mahali pa kusema kwamba tukiondoa tajiri binafsi basi bidii italipwa na ziwa litapona. Tulikuwa na shirika la uvuvi la umma, TAFICO, lililoanzishwa 1974. Lilikuwa na vyombo na wataalamu. Kufika miaka ya 1990 lilikuwa limekufa, na halikuuawa na bepari. Mtu aliyekuwa anajituma na aliyekuwa anasinzia walipokea mshahara mmoja mwisho wa mwezi. Wenye bidii waliondoka.

Na kuhusu mazingira, someni habari za Bahari ya Aral, iliyokuwa kwenye Umoja wa Kisovieti. Lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Kuanzia miaka ya 1960 wapangaji wa Moscow walichepusha mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, kumwagilia pamba jangwani. Mji wa Moynaq ulikuwa na bandari na kiwanda cha samaki. Kufika miaka ya 1980 uvuvi ulikuwa umekwisha, na meli zikabaki zimekaa juu ya mchanga, maji yakiwa mbali kabisa. Hapakuwa na mrithi wala mwenye hisa pale. Kulikuwa na mipango ya miaka mitano na viongozi wasioulizwa.

Kwa hiyo mimi nasema ubaya si neno "ubepari". Ubaya unaanza pale anayeamua habari za ziwa si yule anayekufa nalo.

---

Mhasibu wa Nyamagana

Mzee, hapo umemaliza. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

---

Karani wa Mwalo

Shikamoo mzee. Naipokea hoja yako yote, na la Aral sina la kupinga. Niongeze kimoja tu. Kwenye mfumo ule wa umma watu walikuwa wanajua hawalipwi kwa bidii, hakuna aliyewaficha. Huu wa sasa unamlipa mwenye chombo, halafu unamwambia mvuvi kwamba amelipwa kinachomstahili. Hapo ndipo panaponiuma. Kijana akirudi kutoka majini na elfu kumi, anaambiwa na redio, na mahubiri, na semina za ujasiriamali kwamba akili yake ndiyo ndogo. Nimeona vijana wazuri wakiamini hivyo. Wanaacha kuuliza kuhusu mgao na wanaanza kujichukia.

Na kuna gharama ambazo hazimo kwenye daftari langu, na nadhani hazimo kwenye daftari la mtu yeyote. Kiwanda kikinunua sangara hakilipii mtoto wa samaki ambaye hatazaliwa. Mashamba na miji inayomwaga mbolea na majitaka kwenye mito hailipii mwani unaokula hewa ya majini. Miaka ya 1990 gugumaji lilipofunika ghuba zetu, aliyekuwa anasukuma mtumbwi kwa kasia katikati ya lile zulia la majani alikuwa mvuvi. Novemba 2022 upande wa Kisumu samaki walikufa kwa wingi, wa vizimba (wanaofugwa ndani ya nyavu majini) na wa ziwani, maji ya chini yasiyo na hewa yalipopanda juu. Faida ilikuwa imeshakusanywa kwa miaka. Deni limebaki majini na linalipwa na ambaye hakuwepo wakati wa kula.

---

Kijana wa Kirumba

Kaka karani, mimi naomba nikuulize waziwazi na usikasirike. Baba yangu ana mitumbwi. Alianza chini kabisa kama ulivyosema. Anazeeka na vyombo vitakuwa vyangu mimi na ndugu zangu. Je, unataka nikatae? Baba alijinyima nguo ili tusome. Akikusikia unasema mali yake ni ya dhuluma atasononeka sana. Mtu akishindwa kuwaachia watoto wake kitu, atajituma kwa ajili ya nini?

---

Karani wa Mwalo

Mdogo wangu, umeuliza vizuri na siwezi kukasirika.

Usikatae. Pokea vyombo vya baba yako na umwombee uzima. Kumwachia mtoto kitu ni pendo, na jamii yoyote inayolizuia kabisa itakuwa ya ajabu. Mali ya baba yako sikuiita dhuluma na sitaiita.

Nachokuomba ni kwamba siku utakapokuwa unakaa pale kwenye mzani, usimwambie nahodha wako kwamba wewe uko upande huo wa mzani kwa sababu ulijituma kuliko yeye. Ukishalijua hilo, mambo mengine mengi yatabadilika yenyewe kwenye namna unavyogawa.

Na kwa kuwa Mhasibu aliniandikia pembeni akiniuliza nataka nini hasa zaidi ya kulalamika, niseme hapa mbele ya wote.

La kwanza ni mgao wa maandishi. Leo karibu kila kitu ni mdomo. Mvuvi anaanza kazi kwa nusu kwa nusu, katikati ya msimu anaambiwa mashine imepandishiwa gharama. Karatasi moja yenye saini mbele ya uongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) ingeondoa ugomvi mwingi, na haina gharama.

La pili ni fungu la chombo kuwa na mwisho. Kuna tajiri mmoja tu namfahamu anayefanya hivi na wavuvi wake hawamhami. Mashine ikishajilipa mara mbili kutoka kwenye lile fungu lake, anaanza kukata sehemu ndogo ya fungu hilo na kuiweka kwa jina la wavuvi waliodumu naye. Wakifika kiasi fulani wananunua nyavu zao wenyewe, na mgao unabadilika. Kwa utaratibu huo bidii inageuka kuwa umiliki. Yeye naye hajafilisika. Anasema wizi wa samaki majini umekwisha kwenye vyombo vyake, kwa sababu hakuna anayeiba chake mwenyewe.

La tatu ni fungu la msiba. Asilimia ndogo ya kila mzigo, kabla ya mgao, iwekwe kwa ajili ya familia ya atakayepotea ziwani.

La nne, na hapa nawaomba wakubwa wanisamehe. Sheria inasema sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe. Ni sheria nzuri. Lakini utekelezaji unaanza na kuishia kwa mwenye mtumbwi mdogo. Mwaka 2018 kwenye ile operesheni kubwa ya kupambana na uvuvi haramu, nyavu haramu zilichomwa mialoni, na hata bungeni malalamiko yalisikika kuhusu namna ilivyofanyika. Mimi si mtetezi wa makokoro, zile nyavu za kukokota, yameua mazalia na nayachukia. Ila samaki mchanga anavuliwa kwa sababu yupo anayemnunua. Kagueni mzani wa wakala na ghala la mnunuzi mkubwa kwa ukali uleule mnaokagulia mtumbwi wa kasia.

Na kuhusu vizimba. Mwaka 2024 Serikali ilileta Mwanza boti na vizimba vya mkopo wa masharti nafuu. Ni jambo jema na nimeona vikundi vilivyofaidika. Wasiwasi wangu ni mmoja. Kizimba kinahitaji chakula cha samaki cha miezi kadhaa kabla ya senti ya kwanza kurudi, na kinahitaji eneo la maji. Eneo la maji likishagawiwa, limegawiwa. Tusipoangalia majina ya wanaopewa sasa, miaka thelathini ijayo kutakuwa na vijana wenye kurithi kipande cha ziwa kama wale wa London walivyorithi mtaa, na kutakuwa na mtu humu humu anayetuambia kwamba wazee wao walijituma.

---

Mama Chanja

Ongeza na la tano, mwanangu. Kwenye hivyo vikundi vya vizimba na kwenye hiyo karatasi ya mgao, andikeni majina ya akina mama kama wamiliki, msituweke kama wapishi wa kikundi. Na mialo ijengewe chanja za pamoja, za kulipia kidogo kwa ndoo. Mimi niko tayari kuanza kuchangisha hapa kwetu. Tuko akina mama wengi, na mbao za kuanzia tunazo.

---

Nyar Kisumu

Mama, mkianza niambieni. Hapa kwetu kuna kikundi cha akina mama kinachotumia chanja za pamoja, nitawaulizia wameandikaje katiba yao hasa kwenye jambo la nani anarithi nafasi ya mwanachama akifariki. Hilo liliwaletea ugomvi mkubwa mwaka wa kwanza. Walilimaliza kwa kuamua kwamba nafasi hairithiwi: familia inarudishiwa pesa alizochangia, na nafasi inapewa mama mwingine anayekausha samaki.

---

Karani wa Mwalo

Dada, naomba hicho kipengele kama kilivyoandikwa. Jumamosi tuna kikao cha BMU na nitakisoma pale.